Bustani kwa Mwanamke, Hazina kwa Nani?

Majuma machache yaliyopita alinijia ofisini mwanafunzi wangu wa zamani, binti aliyehitimu shahada ya uhasibu kwa alama za juu, akiwa na barua ya ajira mkononi. Kampuni moja kubwa ilikuwa imempa nafasi ya Meneja wa Uendelevu. Nilianza kumpongeza kabla hata hajaketi. Yeye hakuwa na furaha niliyoitarajia. "Mwalimu," aliniambia, "naomba uisome kwanza, halafu ndipo unipongeze."

Niliisoma. Majukumu yalikuwa saba: kuratibu siku ya kupanda miti, kusimamia ugawaji wa madawati, kukusanya picha za ripoti ya mwaka, na mengine ya namna hiyo. Angekuwa chini ya mkuu wa idara ya uhusiano wa umma. Hapakuwa na neno hata moja kuhusu manunuzi, nishati, usafirishaji wala majitaka ya kiwanda. Akanieleza kwamba katika usaili aliuliza ni nani anayeidhinisha ununuzi wa dizeli ya majenereta. Wasaili walitazamana, mmoja wao akacheka kwa upole, akamjibu kuwa hayo ni mambo ya watu wa fedha na uendeshaji. "Sasa, Mwalimu," akaniuliza, "mimi nitaendeleza nini?"

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

Katika miaka ya karibuni mambo mawili mema yamekuwa yakitajwa pamoja kama pete na chanda. La kwanza ni wanawake kushika uongozi wa makampuni. La pili ni biashara kuachana na mazoea ya kuchuma leo kwa kuharibu kesho. Makongamano hufanyika, tuzo hutolewa, na katika ripoti za mwaka picha ya mkurugenzi mwanamke huwekwa karibu na picha ya mche wa mti. Msomaji huachwa aamini kuwa jambo la kwanza likitimia, la pili litafuata lenyewe. Mimi ninaona kwamba uhusiano huo upo, lakini una sharti: mwanamke awe mahali pale panapoamuliwa fedha. Bila sharti hilo tutakuwa tumemkabidhi mwanamke bustani, ufunguo wa hazina tukaubakiza palepale ulipokuwa.

Tuanze kwa kukubaliana maana. Biashara endelevu si biashara inayopanda miti. Ni biashara inayolipa gharama zake zote yenyewe. Kiwanda kinachomwaga majitaka mtoni huuza bidhaa kwa bei nafuu kwa sababu sehemu ya gharama yake inalipwa na mtu mwingine: mama anayelazimika kutembea mwendo mrefu zaidi kutafuta maji safi, mvuvi anayerudi na wavu mtupu, zahanati inayopokea watoto wenye maradhi ya kuhara. Gharama hiyo ipo, ila haionekani katika vitabu vya kampuni. Kuelekea biashara endelevu ni kuirudisha vitabuni. Kwa hiyo ni kazi ya kihasibu na ya kimamlaka kabla haijawa kazi ya huruma.

Hapa ndipo ninapotofautiana na hoja inayopendwa sana majukwaani, kwamba mwanamke kwa maumbile yake ni mlezi, na kwa hiyo akipewa kampuni ataitunza dunia kama anavyotunza mtoto. Hoja hii husemwa kwa nia njema lakini haisimami. Vicki Hollub alipoanza kuiongoza Occidental Petroleum mwaka 2016, alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza kampuni kubwa ya mafuta ya Marekani. Mwaka 2019 aliiongoza kampuni hiyo kuinunua Anadarko, mojawapo ya manunuzi makubwa ya muongo ule katika sekta ya mafuta. Ni kweli kampuni yake imewekeza pia katika teknolojia ya kunyonya hewa ya ukaa kutoka angani, lakini mwenyewe ameeleza waziwazi kuwa teknolojia hiyo itasaidia kuihifadhi sekta ya mafuta. Simlaumu kwa uanamke wake, kama ambavyo nisingemsifu kwa huo. Alifanya kile ambacho kiti chake na wanahisa wake walimtaka afanye.

Hoja ya maumbile ina madhara ya pili, tena makubwa zaidi. Kama kuhifadhi mazingira ni silika ya mwanamke, basi hana haja ya bajeti, wala mamlaka, wala mshahara unaolingana na kazi. Mama halipwi kwa kulea. Ndivyo idara za uendelevu katika makampuni mengi zilivyogeuzwa kuwa aina ya kazi za nyumbani: zinafanywa na wanawake, zinasifiwa hadharani, na hazihesabiwi pato linapogawanywa.

Kama si maumbile, basi ni kitu gani kinachofanya uongozi wa wanawake uwe na uzito katika jambo hili? Jibu langu ni kwamba kuna maarifa yanayotokana na mahali mtu aliposimama. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika jamii zetu, gharama nyingi ambazo makampuni huzitupa nje ya vitabu vyao huangukia mabega ya wanawake.

Tazama mwani wa Zanzibar. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kilimo hiki kimeenea katika pwani za Unguja na Pemba, na wakulima wake wengi ni wanawake. Maji yanapokupwa huingia baharini, hupigilia vijiti mchangani, hufunga vipande vya mbegu kwenye kamba, kisha huvuna, huanika na kuuza kwa kilo. Mwani mkavu husafirishwa ng'ambo, na humo hutolewa kitu cha kugandishia kinachotiwa katika dawa ya meno, aiskrimu na vyakula vingine vingi. Aina inayoitwa kotonii ndiyo yenye bei nzuri zaidi, na ndiyo isiyostahimili joto. Maji ya kina kifupi yalipozidi kupata joto, kotonii ilianza kuugua, kumeguka na kufa, na wakulima wengi wakabaki na spinosamu yenye bei ya chini. Kuifuata kotonii kwenye maji ya kina kirefu na ya baridi kunahitaji chombo na kujua kuogelea, na wanawake wengi wa vijiji vile hawakufunzwa kuogelea tangu utotoni.

Basi ni nani aliyetangulia kuujua mgogoro huu? Ni mama wa Paje au Jambiani aliyeinua kamba yake akaikuta tupu. Alijua miaka mingi kabla jambo hilo halijaandikwa katika ripoti ya kampuni yoyote inayouza dawa ya meno. Mnyororo wa biashara ile unaanzia mikononi mwake, lakini maarifa yake hayapandi kufika katika chumba cha bodi. Panda daraja moja baada ya jingine, kutoka kijijini hadi kwa mnunuzi, kwa msafirishaji, kwa mwenye kiwanda, na utaona jinsi wanawake wanavyopungua kadiri faida inavyoongezeka.

Ni lazima nikiri jambo moja hapa ili nisije nikajenga hoja yangu juu ya mchanga. Mwanamke anayeketi katika bodi mjini Dar es Salaam au Nairobi si mama wa Jambiani. Mara nyingi amesoma shule zilezile walizosoma wakurugenzi wanaume, amefunzwa uhasibu uleule unaoziacha gharama za mto na pwani nje ya vitabu, na anaishi katika mtaa wenye maji ya bomba. Jinsia haifuti tabaka. Tafiti kadhaa zimeona kuwa makampuni yenye wanawake wengi zaidi katika bodi huelekea kutoa taarifa nyingi zaidi kuhusu mazingira, lakini uhusiano huo si ushahidi wa chanzo. Huenda kampuni iliyokwisha kuamua kujirekebisha ndiyo inayowaita wanawake, wala si wanawake walioirekebisha. Kwa hiyo tusitosheke na kuhesabu vichwa. Tuulize vichwa hivyo vimepewa kuamua nini.

Na hata kiti cha juu kabisa hakitoshi. Mwaka 2016 Isabelle Kocher alishika nafasi ya mkurugenzi mtendaji wa Engie, kampuni kubwa ya nishati ya Ufaransa. Wakati wake alikuwa mwanamke pekee mwenye cheo hicho miongoni mwa makampuni 40 yaliyo katika CAC 40, orodha ya makampuni makubwa ya soko la hisa la Paris. Hakupewa bustani. Alipewa kampuni yenyewe, na akaigeuza: alitangaza mpango wa kuuza mali zenye thamani ya euro bilioni 15 katika miaka mitatu, ili kuondoka kwenye makaa ya mawe na kuelekea nishati jadidifu. Machi 2017 kampuni ilifunga kituo cha Hazelwood huko Australia, kilichokuwa kikichoma makaa ya mawe tangu miaka ya 1960. Februari 2020 bodi iliamua kutomwongezea muda. Wakosoaji wake walisema mkakati wake ulikuwa mgumu kueleweka na thamani ya hisa haikuridhisha. Watetezi wake walisema aliondolewa kwa sababu mageuzi yake yaligusa maslahi makubwa.

Sina haja ya kuamua ugomvi huo, na ni haki kutaja kuwa nafasi yake baadaye ilishikwa na mwanamke mwingine, Catherine MacGregor. Ninachokiona ni kwamba mkurugenzi aliyetakiwa kuibadili kampuni kwa miongo ijayo aliendelea kupimwa kwa bei ya hisa ya mwaka huu. Anayeshika mizani ndiye mwenye neno la mwisho. Tena mfano huohuo unatukumbusha kitu kingine: baadhi ya vituo vya makaa ya mawe vya Engie havikufungwa, viliuzwa. Kituo kinapouzwa, moshi hubadili mmiliki tu, na vitabu vya muuzaji husafika wakati anga haijasafika.

Watafiti Michelle Ryan na Alexander Haslam, wakiwa Chuo Kikuu cha Exeter, waliandika mwaka 2005 kuhusu makampuni makubwa ya soko la hisa la London, wakaonyesha kuwa mara nyingi wanawake waliteuliwa kuingia katika bodi wakati ambapo kampuni ilikuwa tayari imeyumba. Mwanamke hupewa usukani merikebu ikiwa imeshaanza kuingiza maji. Akishindwa, husemwa kuwa wanawake wameshindwa. Ninahofia kuwa uendelevu utakuwa uwanja mwingine wa desturi hiyo: mto umekwisha kuchafuliwa, wananchi wamekwisha kukasirika, ndipo anatafutwa meneja mwanamke wa kwenda kuzungumza nao.

Je, sheria inaweza kusaidia? Inaweza, kwa kiasi chake. Norway ilipitisha sheria mwaka 2003 iliyotaka kila jinsia iwe na angalau asilimia 40 katika bodi za makampuni ya umma ya hisa, na kufikia mwaka 2008 kampuni iliyokaidi ingeweza kuvunjwa. Kabla ya hapo wanawake hawakufika hata asilimia 10. Sheria ilipata ilichokitaka, kwa sababu ilikuwa na meno. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2022 kwa mwongozo wake, ukilenga asilimia 40 ya wakurugenzi wasio watendaji ifikapo katikati ya mwaka 2026. Lakini huko Norway viti vya wakurugenzi watendaji havikujaa wanawake kwa kasi iliyojaza bodi. Mlango uliofunguliwa kwa sheria uliishia ukumbini.

Sisi Watanzania hatuhitaji kwenda Norway kulielewa hilo. Tuna uzoefu wetu wa viti maalum bungeni. Katiba imehakikisha idadi, na idadi hiyo imewaingiza wanawake wengi ambao vinginevyo wasingeingia. Ni faida isiyopaswa kubezwa. Lakini mbunge asiye na jimbo huwategemea waliomweka katika orodha, na utegemezi hupunguza sauti. Sheria yetu ya Kampuni ya mwaka 2002, ilivyotungwa, haikuweka hata kiwango cha chini cha wanawake katika bodi. Siku tutakapokiweka, na ninaamini tunapaswa kukiweka, tusirudie kosa la kuhesabu viti tu bila kutazama viti hivyo vinamtegemea nani.

Yapo matumaini nyumbani, na yanaonekana pale fedha ilipoguswa. Mwaka 2022 Benki ya NMB, iliyokuwa chini ya uongozi wa Ruth Zaipuna tangu mwaka 2020, ilitoa hatifungani ya Jasiri kwa ajili ya mikopo ya biashara zinazomilikiwa na wanawake au zinazowanufaisha. Lengo lilikuwa shilingi bilioni 25, na zilipatikana zaidi ya bilioni 74. Mwaka uliofuata Benki ya CRDB, inayoongozwa na Abdulmajid Nsekela, ilitoa hatifungani ya kijani ikilenga bilioni 40, ikapata zaidi ya bilioni 171. Hatifungani ya wanawake ilitoka katika benki iliyoongozwa na mwanamke, na ile ya kijani katika benki iliyoongozwa na mwanamume. Zote mbili zinaonyesha kuwa jambo linapotolewa katika idara ya misaada na kuingizwa katika idara ya fedha, Watanzania wenye akiba hulielewa na kuliitikia kuliko watendaji walivyodhani.

Mwenye kukopa kwa hatifungani hujifunga kwa mkataba. Mwekezaji ana haki ya kuuliza fedha yake imekwenda wapi. Mche wa mti uliopandwa mbele ya kamera hauna mdai. Kwa sababu hiyo ninaupa uzito mwongozo wa Benki Kuu ya Tanzania wa mwaka 2022 kuhusu usimamizi wa hatari za kifedha zitokanazo na mabadiliko ya tabianchi, pamoja na ule wa Soko la Hisa la Nairobi wa mwaka 2021 kuhusu utoaji wa taarifa za mazingira, jamii na utawala bora. Maandiko hayo ni makavu, hayana shairi ndani yake, lakini yanalihamisha suala kutoka kurasa za picha kwenda kurasa za hesabu.

Kutokana na haya yote ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, afisa wa uendelevu, awe mwanamke au mwanamume, awajibike kwa mkurugenzi mtendaji na kamati ya bodi, wala si kwa idara ya uhusiano wa umma, na apewe haki ya kuiona mikataba ya nishati, malighafi na taka kabla haijatiwa saini. Pili, sehemu ya bonasi ya wakuu wote wa kampuni ifungamanishwe na vipimo vya maji, nishati na taka, ili mzigo usibebwe na idara moja wakati nyingine zinalipwa kwa kuuongeza. Tatu, tunapohesabu wanawake katika bodi tuhesabu pia kamati walizomo. Bodi yenye wanawake wanne ambao wote wako katika kamati ya jamii, na hata mmoja hayumo katika kamati ya fedha au ya ukaguzi, isipewe sifa.

Najua nitaambiwa kuwa wanawake wenye sifa za kukaa katika kamati za fedha ni wachache. Nimefundisha kwa miaka ya kutosha kulijibu hilo bila kupandisha sauti. Kila mwaka ninawaona mabinti wakihitimu uhasibu, uhandisi na sheria. Baada ya miaka kumi nawakuta wenzao wa kiume wakiwa wakuu wa fedha na uendeshaji, na wao wakiwa wakuu wa rasilimali watu, mawasiliano na uendelevu. Sifa walikuwa nazo walipotoka chuoni. Kilichotokea katikati ni kwamba kila walipofika njia panda walielekezwa upande wa bustani, kwa maneno mazuri, na mara nyingine kwa cheo kikubwa zaidi. Halafu nafasi ya bodi inapotangazwa, inadaiwa uzoefu wa hazina.

Yapo makampuni yatakayosema kuwa uendelevu ni anasa ya nchi tajiri. Yawaulize wakulima wa mwani. Wao hawakuwa na anasa yoyote, na bado ndio waliotangulia kulipa.

Yule binti nilimshauri asiikatae ile barua wala asiikubali kama ilivyo. Nilimwambia aandike maombi matatu kwa lugha ya kihasibu: awajibike kwa mkurugenzi mtendaji, aingie katika kamati ya manunuzi, na aruhusiwe kuona mikataba ya nishati. Aliniuliza kama hawatamwona mkaidi. Nikamjibu kuwa huenda wakamwona hivyo, na kwamba hiyo ni gharama ambayo yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kuamua kama ataweza kuilipa, kwa kuwa ana mama mgonjwa na wadogo zake wawili wanaomtegemea, na mimi nina mshahara wangu.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Wamemkubalia ombi moja, la mikataba ya nishati. La kamati wamesema watalitazama mwakani, na bado ataendelea kuwa chini ya idara ya uhusiano wa umma. Ameamua kuripoti kazini. Siku ya kwanza alipoulizwa anahitaji nini, aliomba meza, kompyuta, na stakabadhi zote za dizeli za miaka mitatu iliyopita. Meza na kompyuta amekwisha kuvipata.